Mkamwana Wangu Kaificha Paswedi!

"Una mwanaume humo ndani ya kompyuta!"

Maneno hayo nimeyasema mimi. Mimi bibi mzima, mama wa kanisa, nywele nyeupe kichwani.

Na sikunong'ona, jamani. Niliyasema kwa laudi spika, katikati ya duka la fundi pale Mbalizi, siku ya soko! Muuza nyanya aliacha kupanga nyanya zake. Kijana aliyeleta redio kutengenezwa akasogea ili asikie vizuri.

Upande wa pili wa simu... kimya.

Halafu nikamsikia mkamwana wangu analia.

Halafu, tii! Simu ikakatika.

Wajukuu zangu mnaonisoma humu, wekeni chini hicho mnachokula kwanza. Kilichofuata hapo kilinivua nguo nikiwa nimevaa.

Ngoja niwarudishe asubuhi.

Mkamwana wangu anaitwa Blandina. Ni Mhehe wa Iringa, mke wa mwanangu Gwakisa, na yeye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Mbalizi. Ana kompyuta yake ndogo ya kufunika, anatungia mitihani.

Binti yao ni Goodness. Huyo ndiye mjukuu wangu, roho yangu. Anasoma kilimo chuoni. Alikuwa fildi kwa wakulima wa viazi huko milimani, akarudi hapa nyumbani, akaketi kwenye kompyuta ya mama yake akaandika ripoti mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili.

Ripoti ilitakiwa ifike chuoni siku hiyo hiyo, kabla ofisi hazijafungwa.

"Nisipotuma, Bibi, narudia mwaka."

Kurudia mwaka! Mnajua maana yake? Wenzio wanavaa majoho, wewe unarudi kukaa na wadogo zako.

Sasa Blandina hakuwepo. Mama yake mzazi alizidiwa, akaondoka mbio kwenda kumuuguza hospitali Iringa. Kabla ya kuondoka alimfungulia Goodness kompyuta, akamwambia, "Usiizime mwanangu. Ukiizima itadai paswedi."

Goodness hakuizima.

Aliyeizima ni umeme. Ulikatika alfajiri, betri yenyewe ilishachoka kama mimi, mashine ikafa. Umeme uliporudi, ikawaka vizuri, ikaonyesha picha ya ziwa, halafu ikaleta kile kidirisha chake...

Paswedi.

"Bibiii!"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nini? Nyoka?"

"Bibi, imefungwa!"

"Si uifungue."

"Paswedi sina! Mama huwa ananifungulia mwenyewe."

"Hajakwambia paswedi? Wewe mtoto wake wa kumzaa?"

Goodness akainama.

"Akiandika huwa ananiambia nigeuke niangalie ukutani."

He! Uangalie ukutani?

Hapo, wapenzi wangu, ndipo mdudu aliponiingia sikioni.

Mimi ni mtu wa vitendawili. Jioni kwangu haipiti bila kutega kimoja au viwili, hata wageni wanalijua hilo. Kwa hiyo nikajitegea kimoja kichwani: nyumba ina mlango, ina madirisha, ina kufuli, mama anaingia, mtoto anageuziwa ukuta. Ndani kuna nini?

Jibu nililolipata sikulipenda hata kidogo.

Nikachukua simu. Ya Goodness ilikuwa imepasuka kioo, ipo kwa fundi, kwa hiyo tulikuwa na ya kwangu tu. Nikapiga, nikaweka laudi kama ninavyofanya siku zote, maana sikio langu la kulia halisikii vizuri.

"Kamwene, mama," Blandina akanisalimia kwa Kihehe chake. "Mmeamkaje?"

"Tumeamka na balaa. Mama yako anaendeleaje?"

"Jana alikula uji kidogo."

"Mungu mkubwa. Sasa, kompyuta yako imejifunga. Tupe paswedi mtoto atume ripoti."

Kimya.

"Blandina?"

"Mama... uko na nani hapo?"

Jamani! Mtu unamuuliza paswedi, anakuuliza uko na nani!

"Niko na Goodness. Na babu yake yuko hapa anakunywa chai. Kwani vipi?"

"Aa... mama, hebu toka nje kidogo nikuambie."

"Nitoke nje kwa nini? Kuna mvua huko! Sema hapa hapa."

"Basi mama..."

"Basi nini?"

"Basi... nimesahau."

Nimesahau! Kitu ulichokiandika juzi asubuhi kabla ya kupanda basi!

Mzee wangu, Baba Gwakisa, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, kikombe mkononi. Yeye na kompyuta hawaivi.

"Mashine gani," akasema, "inamuuliza mwenye nyumba yeye ni nani?"

"Baba Gwakisa, kunywa chai."

"Nakunywa. Lakini wakati wetu mlango ulifungwa kwa kamba, na kila mtu alikuwa anajua kufungua hiyo kamba."

"Babu, naomba..." Goodness alikuwa karibu kulia.

Tukaanza kubahatisha.

"Andika Goodness," nikamwambia.

Ikakataa.

"Andika Gwakisa. Mke si huweka jina la mumewe?"

Ikakataa. Nikakunja uso. Jina la mwanangu limekataliwa!

"Jaribu Iringa. Jaribu Yesu. Jaribu jina la shule. Jaribu ukoo wetu."

Ikakataa, ikakataa, ikakataa... halafu ikaandika kwamba tumejaribu sana, tusubiri.

Tusubiri! Sisi tunafukuzana na ofisi, yenyewe inatuambia tusubiri, kama karani aliyekwenda kunywa chai.

"Ipige kofi," Mzee akashauri. "Redio yangu huwa inaelewa."

"Babu!"

Nikampigia mwanangu Gwakisa. Alikuwa Madibira kwenye mavuno ya mpunga, na akiwa shambani huko simu yake ni mapambo. Yule dada wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena, akaniambia vile vile, kwa sauti ile ile ya upole inayotia hasira.

"Bibi, nipe simu niongee na mama mwenyewe," Goodness akaomba.

"Hapana."

"Bibi, labda mimi ataniambia..."

"Wewe mtoto, kuna mambo ya watu wazima. Kaa pembeni."

Kumbukeni hapo. Kama ningempa mtoto simu, akatoka nayo mpaka uani, hii simulizi isingekuwepo. Lakini kichwa cha bibi yenu kilikuwa kimeshapanda gari lake, na gari lenyewe halina breki.

Tukaamua kwenda kwa fundi.

Goodness akaizungushia kompyuta khanga, akaikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nikabeba waya wake. Mzee naye akasimama, akachukua mwavuli.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mali ya mwanangu inapelekwa kwa watu. Lazima mwanaume awepo."

Basi tukaongozana watatu, matope yanatupanda miguuni, mpaka kwa Obeid. Obeid ni fundi wa simu na kompyuta, kijana msafi, kibanda chake kinatazamana na soko. Siku hiyo kilifurika watu.

Akaifunua, akaiwasha, akaikodolea macho. Akachomeka kidude fulani, akachomoa. Akatikisa kichwa.

Mimi daktari akitikisa kichwa naogopa. Fundi akitikisa kichwa, naogopa zaidi.

"Bibi, hapa ni kupiga windo upya."

"Maana yake?"

"Itawaka kama mpya. Haitadai paswedi yoyote."

"Ewaa! Piga!"

"Ila vyote vilivyomo vinafutika."

Goodness akakaa chini. Hakutafuta hata kiti. Sakafuni, puu!

"Ripoti yangu..."

"Huwezi kuitoa ripoti kwanza?" nikamuuliza Obeid. "Si ufungue tumbo lake uichomoe?"

"Za zamani tulikuwa tunafanya hivyo, Bibi. Hii diski yake imefungwa mpaka ndani. Nikiichomoa naona takataka tupu. Njia ni moja, paswedi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Iringa. Anasema kasahau."

Obeid akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona mengi.

"Kasahau? Vibonyezo vimelika hivi, huyu anaifungua kila siku. Kitu cha kila siku hakisahauliki, Bibi. Mimi wanaokuja wakisema mwenzangu kasahau paswedi... huwa kuna stori hapo."

"Stori gani?"

"Mimi sisemi kitu, Bibi. Mimi fundi tu."

Hajasema kitu, lakini mimi nilishasikia kila kitu!

Nikampiga jicho Mzee. Kakaa kwenye benchi la wateja, mwavuli kati ya magoti, anamtazama Obeid kama anayetazama mganga wa kienyeji.

Nikapiga simu. Laudi.

"Blandina!"

"Abee mama. Mmefanikiwa?"

"Tumefanikiwa wapi! Tuko kwa fundi. Anataka kufuta kila kitu. Mwanao yuko sakafuni analia. Taja paswedi!"

"Mama... uko na nani?"

Ai! Tena!

"Niko na dunia nzima! Niko na fundi, na wateja wake, na Mzee wako yuko hapa amekaa. Taja!"

"Mama, nakuomba, sogea pembeni..."

"Sisogei!"

"Mama, siwezi kuisema hivyo."

"Huwezi? Mwanzo ulisahau, sasa huwezi? Blandina, mtoto wako anarudia mwaka! Kuna nini humo ambacho kinashinda mtoto wako?"

"Mitihani, mama. Na vitu vya shule..."

"Mitihani ya darasa la pili ndiyo inamgeuzia ukuta binti wa chuo?"

Kimya.

"Nitumie basi meseji."

"Mama, na kuandika pia siwezi."

Na kuandika pia hawezi! Mwalimu!

Hapo ndipo nilipoyasema yale maneno ya mwanzo. Hayo hayo, ya mwanaume ndani ya kompyuta. Na mwenye sikio pale Mbalizi aliyasikia.

Tii... ikakatika.

Muuza nyanya akasema, "Mh!"

Mzee akanitazama tu, vile anavyonitazama nikizidisha chumvi. Kisha akatazama nje.

"Bibi," Goodness akasema toka sakafuni, machozi tele, "mama hayuko hivyo."

"Nyamaza."

"Mama hayuko hivyo, Bibi! Huyo ni mama yangu!"

"Bibi, niamue nini?" Obeid akauliza. "Foleni ndefu. Nifute, au mchukue mashine yenu?"

Fikirieni mmesimama pale nilipo. Mtoto anataka ripoti yake. Mama mtu kagoma. Fundi anasubiri. Watu wamenitolea macho. Hasira imenijaa mpaka naona nukta nukta.

"Kama ripoti imeshakufa, imekufa," nikasema. "Futa! Hizo siri zake nazo zife!"

"Bibi, hapana!" Goodness akapiga kelele.

Obeid akachomeka tena kile kidude chake. Skrini ikawa nyeusi, ikaleta maandishi meupe.

"Nikibonyeza hapa, hakuna kurudi. Nibonyeze?"

Nikafungua mdomo...

Simu ikalia.

Blandina!

Nikaipokea na hasira zangu zote. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka kwa kulia.

"Mama, nimekukosea nini lakini? Usiweke laudi. Toka nje peke yako. Ukishatoka, nitukane unavyotaka."

Kitu fulani kwenye ile sauti kikanishika. Nikamwinulia Obeid mkono, asubiri. Nikatoka nyuma ya kibanda, kwenye matenga matupu ya nyanya, nikaibandika simu kwenye sikio langu la kushoto linalosikia.

"Niko peke yangu. Sema."

Akavuta pumzi.

"Mama, kitendawili."

Nilitaka kuitupa ile simu kwenye matope!

"Blandina, unanichezea?"

"Kitendawili, mama. Nakuomba. Hii ndiyo njia pekee."

Na mimi, jamani, ugonjwa wangu mnaujua. Mtu akisema kitendawili, hata niwe kwenye jeneza...

"Tega."

"Kipo nyumbani kwenu tangu sijaolewa. Mtoto wa jirani hakatazwi kukichezea. Zamani wapita njia walikuwa wanakipigia kelele toka barabarani. Ni mimi peke yangu kikinitoka mdomoni natozwa jogoo."

"Ngoma?"

"Siyo."

"Wimbo? Filimbi?"

"Siyo, mama."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Mbeya yote, nipe jibu."

"Mama, hata ukinipa Mbeya na Iringa juu yake, hilo jibu siwezi kulitamka. Fikiria jogoo. Fikiria mashangazi."

Jogoo...

Mashangazi...

Nikaushika ukuta wa kile kibanda.

Wasomaji wangu ambao si wa huku, nisikilizeni vizuri. Kwetu sisi Wanyakyusa, mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji ng'o! Zamani hata kumpita njiani ilikuwa mwiko, ukimwona unajibanza migombani mpaka apite. Siku hizi tumelegeza, wanakula nyumba moja, wanasalimiana kwa mbali. Lakini jina? Jina halijalegezwa. Mimi mwenyewe la baba mkwe wangu nimelibeba kifuani mpaka amezikwa, halijawahi kupita kwenye meno haya.

Blandina alipoolewa, Mhehe wa watu, hakujua ukali wetu. Alituma kifurushi kwa basi, akaandika juu yake kwa kalamu kubwa jina la baba mkwe wake, akidhani ni heshima. Mashangazi wa Gwakisa walimkalisha kitako. Wakamwambia mkamwana wa kwetu halitaji kwa mdomo, wala kwa kalamu, wala kwenye karatasi ya mtu yeyote. Wakamtoza jogoo.

Jogoo nilimla na mimi. Paja.

"Blandina..." nikasema. "Mwanangu... umeweka jina la..."

"Ndiyo, mama."

"La Mzee?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, lakini, katika majina yote ya dunia hii?"

"Shuleni walituambia tuchague neno ambalo hata kwa bahati mbaya hatutalitamka mbele ya mtu. Nikawaza, mimi ni neno gani ambalo ulimi wangu hauwezi kuteleza nalo? Hata usingizini, hata nikiwa na homa, hilo siwezi kulisema. Nikaliweka hilo."

Akili gani hiyo!

"Lakini si unaliandika kila siku?"

"Naligonga kwa vidole nikiwa peke yangu, linatoka vinukta tupu, halionekani. Nikawaza hiyo si kuandika. Lakini wewe kila ukinipigia umeweka laudi, na yeye mwenyewe yuko pale anasikiliza! Nitasemaje, mama? Nianze kusema mbele yake kwamba jina lake nimelifungia kwenye mashine, nalipigapiga kila asubuhi kama ngoma? Mashangazi wangenitoza ng'ombe safari hii."

"Na Goodness kuangalia ukutani..."

"Yule mdomo wake unaujua. Mashangazi wangekuwa na habari kabla ya chai."

Kweli. Yule mdomo wake karithi kwangu.

Halafu nikakumbuka. Kidole cha Obeid!

Mungu wangu!

Nilikimbia, wajukuu zangu. Na magoti haya. Niliruka tenga, nikamgonga kijana wa redio.

"Obeid! Ondoa mkono! Ondoa mkono hapo!"

Akashtuka, akainua mikono yote miwili juu kama kakamatwa.

"Sijabonyeza, Bibi! Si uliniashiria nisubiri!"

"Irudishe! Irudishe pale inapoulizia paswedi!"

Goodness akanyanyuka sakafuni. "Kakumbuka? Bibi, mama kakumbuka?"

Nilikuwa namtazama Mzee.

Yuko pale pale kwenye benchi, mwavuli kati ya magoti. Asubuhi nzima alikaa karibu yetu na chai yake. Tukatembea naye kwenye matope. Ufunguo tulikuwa tumeongozana nao, tena kajifunika mwavuli asilowe.

"Baba Gwakisa. Njoo hapa."

"Mimi?"

"Wewe."

"Na kompyuta?"

"Njoo uandike jina lako."

Akanitazama, akamtazama Obeid.

"Kwa nini niandike jina? Nimekosa nini? Hapa ni polisi?"

"Mzee, andika tu, nakuomba."

"Lipi? Lile la ukoo tuliandika asubuhi ikakataa."

"La kwako mwenyewe. Ulilobatizwa."

Akaja polepole. Akaegesha mwavuli. Akanyoosha kidole kimoja, kile cha kuonyeshea ng'ombe, akaanza kuwinda herufi.

S... "Iko wapi E? Hizi zimepangwa na mlevi?"

E... D... E... K... I... A.

Sedekia.

(Blandina mwanangu, ukiisoma hii, hapo pitisha macho tu.)

Goodness akabonyeza.

Kile kiduara kikazunguka... kikazunguka...

Ikafunguka!

Na ripoti hiyo hapo, imetulia, viazi vyake vyote ndani!

Kelele iliyopigwa pale, hata wauza mbuzi upande wa pili wa soko waligeuka. Goodness alinirukia shingoni, akamrukia babu yake, akamrukia na Obeid, akakumbuka, akamwachia. Tukawasha intaneti ya simu yangu. Bando lilikuwa linakata roho. Kile kimstari kikatambaa kama konokono wa masika, mimi nakisukuma kwa sala... ikaenda.

Baadaye kidogo chuo kikajibu: imepokelewa.

Niliketi kwenye benchi. Watu wakarudi kwenye shughuli zao. Muuza nyanya alinitupia jicho lile la kusema, haya mama, na yule mwanaume yuko wapi?

Nikasimama. Niliyoyasema mbele ya watu, lazima niyafute mbele ya watu.

"Jamani! Mlionisikia nikimsema mkamwana wangu, nimekosea. Hana mwanaume. Ana adabu kunishinda mimi. Aliyesikia lile, asikie na hili."

"Tumesikia, mama," muuza nyanya akaitikia. Siwezi kusema kwa furaha.

Nikampigia Blandina. Nimeitoa laudi.

"Imefunguka. Ripoti imefika."

Akashukuru Mungu kwa Kihehe, maneno mengi nisiyoyajua.

"Blandina, mwanangu, nisamehe. Mdomo wangu leo ulitangulia, mimi nikabaki nyuma."

Aliumia, na haki yake.

Halafu nikasikia kicheko kidogo, bado kina machozi ndani yake.

"Lakini, mama... hukukosea sana. Mwanaume alikuwemo."

"Wewe!"

"Si alikuwemo? Umri wake tu ndio hukuutaja."

Nilicheka mpaka nikakaa tena. Jogoo namdai nani sasa? Mimi ndiye wa kutozwa, na nimeshamkamata mwekundu yule mkubwa, anamsubiri Blandina akirudi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mzee alitangulia mbele na mwavuli wake. Nikaogopa. Nikajua anapanga kuwaita dada zake, wale mashangazi.

"Anaandika hilo jina kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Tangu aliponunua mashine?"

"Tangu hapo. Baba Gwakisa, msamehe, hakuwa na nia mbaya..."

Akatembea kidogo tena.

"Unajua, mimi naitwa Baba Gwakisa. Naitwa Babu. Naitwa Mzee. Wenzangu waliokuwa wananiita jina langu, wengi wako makaburini. Basi mtu mmoja analikumbuka kila asubuhi, na wewe unasema nimsamehe?"

Nikamshika mkono, tukaruka dimbwi.

"Mwambie asilibadilishe," akasema. "Na dada zangu wasijue."

Wapenzi wangu, nimalizie hivi. Mtu wako akikuambia toka nje nikuambie, toka. Hata kama kuna mvua. Kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema mbele ya umati, na si kila anayelificha ana uchafu. Mwingine analificha kwa sababu anakuheshimu. Na hiyo laudi spika, nyie, itawamaliza. Mimi imebaki kidogo tu inivunjie nyumba ya mwanangu, na mtoto arudie mwaka, kwa sababu ya sikio moja na hasira.

Jioni ile Goodness aliweka kompyuta mezani, ameifungua, anaangalia mambo yake. Mzee akasogeza kigoda chake karibu. Akaitazama. Akakohoa.

"Hiyo kitu."

"Naam, babu?"

"Ifunge."

"Niizime?"

"Hapana. Ifunge vile ilivyokuwa inakataa watu."

Goodness akaifunga. Ile picha ya ziwa ikarudi, na kile kidirisha.

Mzee akakunja mkono wa shati, akanyoosha kidole chake kimoja.

"Kaeni mbali," akasema. "Naifungua mwenyewe."